Hatupingi ghorofa, tunauliza maji yatapita wapi

Mwandishi mmoja anasema wakazi wa mitaa ya zamani tunapinga ghorofa zinazojengwa palipokuwa na nyumba za familia moja, kwa sababu ya mazoea tu. Naomba nimjibu, maana naishi katika mtaa wa namna hiyo.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, aliuza kiwanja. Nyumba ya familia moja ikabomolewa, likasimama ghorofa la familia 12. Sina ugomvi na waliohamia. Watu wanahitaji pa kuishi, na watoto wao wanacheza na wangu. Lakini bomba la majitaka ni lile lile la enzi za nyumba moja. Ua uliokuwa na udongo na mti mkubwa umemwagwa zege lote, pawe maegesho ya magari. Udongo hunywa maji ya mvua, zege halinywi. Sasa ikinyesha nusu saa tu, maji yote yanakimbilia mtaroni kwa pamoja, mtaro unafurika, na chemba ya majitaka iliyo mbele ya mlango wangu inaanza kutapika. Nimeuona mfuniko wake ukiinuka na kurudi kama wa sufuria inayochemka. Mama yangu anatembea kwa mkongojo. Siku kama hiyo hatoki ndani.

Halafu mkutano wa wakazi unaitwa kibali cha ujenzi kikishatoka, tena saa za kazi. Wapangaji hawaalikwi kabisa, na ndio wengi mtaani! Tunachotaka ni mtaro na bomba vikaguliwe kabla ya kibali, na mkutano uwe jioni, watu wakiwa wamerudi.