Dereva alikosea kona, lakini bastola ilikuja na mtu
Eti Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, aliuawa Sarajevo kwa sababu tu dereva alikosea njia? Sikubali. Asubuhi ileile ya 28 Juni 1914 Čabrinović, kijana wa miaka 19, alishamrushia bomu; likadunda kwenye gari lake, likalipukia chini ya gari la nyuma. Wenzake walikuwa wamejipanga njiani na silaha. Ile kona karibu na Daraja la Kilatini, gari liliposimama ili lirudi nyuma, ilimpa Princip, mwenzao aliyefyatua risasi, nafasi. Nia alikuja nayo. Kinachoniuma ni umri wao: Princip aliponea kitanzi kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 20. Wangapi hapa mnajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowashwa na mauaji hayo, ndivyo vilivyotuachia jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps)?