Nyumba za zege za Dar es Salaam: kuongeza vyumba bila kuziba upepo

Nyumba nyingi za zege zilizojengwa Oyster Bay na Upanga miaka ya 1950 na 1960, enzi ambazo msanifu Anthony Almeida alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, zilifanywa nyembamba kwa makusudi: madirisha ya luva (vipande vyembamba vya kulala vinavyogeuzwa kufungua na kufunga) pande mbili, tofali za matundu kwenye ngazi. Ivume kaskazi au kusi, upepo unaingia huku na kutokea kule. Familia ikikua, swali ni nini kiguswe.

Wanaotaka kung'oa luva wana hoja. Hazifungi sawasawa, vumbi na mvua hupita, na kiyoyozi kikiwashwa ubaridi huvuja usiku kucha. Dirisha la alumini la kusukuma huponya hayo, ila hufunguka nusu tu, wakati luva hufunguka karibu zote. Umeme ukikatika, tofauti hiyo inahisiwa mara moja. Naona afadhali vyumba vya kulala vichache vifungwe barabara kwa ajili ya kiyoyozi, na sebule na ngazi zibaki na luva, grili na wavu wa mbu.

Kosa zito zaidi hufanyika nyuma ya nyumba, vyumba vipya vinapobandikwa kwenye ukuta wa zamani. Dirisha ambalo lenta yake, yaani boriti ya juu ya dirisha, iko mita 2.1 kutoka sakafuni hutoa mwanga wa kutosha hadi mita 5 hivi ndani. Zaidi ya hapo taa zinawashwa mchana, na upepo umekwisha kuzibwa. Ua wa mita 3 kati ya jengo la zamani na jipya, vikiunganishwa kwa ushoroba mwembamba, huokoa vyote viwili. Ua unakula kiwanja, kweli, na penye nafasi ndogo watu hukimbilia ghorofa. Lakini ghorofa inabebwa na msingi na nondo ambazo hakuna aliyeziona tangu zimwagiwe zege: mhandisi achimbe kando ya msingi na kupima zege kabla ramani haijachorwa. Hata ushoroba usifungwe kwa nondo kwenye jengo la zamani. Msingi mpya bado utashuka, ule mwingine umeshatulia. Pasipo mwanya wa milimita 20 hadi 25 uliojazwa kitu laini, ufa utatokea hapo kwenye maungio.

Paa tambarare hunyonya joto mchana na kulitoa usiku. Kuliezeka bati juu yake kunasaidia sana endapo sentimita 30 zimeachwa wazi hewa ipite, na mita 100 za mraba zitakinga karibu lita 1,000 mvua ikinyesha milimita 10. Gharama yake ni sura ya nyumba kupotea. Rangi nyeupe juu ya tabaka la kuzuia maji, lenye mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita, huitunza sura hiyo, ila huchafuka kwa ukungu na kudai kupakwa upya. Ningechagua rangi, mradi zege ligongwe kwanza kwa nyundo. Panapotoa mlio wa uwazi, mara nyingi nondo zimeliwa na chumvi ya bahari: chimbua hadi nyuma ya nondo, isugue mpaka ing'ae, ndipo uzibe. Plasta juu ya kutu hubanduka, kwa sababu kutu huendelea kuvimba.