Picha kwenye terminali: ifunguliwe kando au ichorwe papo hapo?

Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein alituma barua pepe iliyobeba picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne pamoja na sauti yao wakiimba. Alikuwa anaujaribu utaratibu wa MIME, aliouandaa na Ned Freed, na mpaka leo picha zinazoambatishwa kwenye barua pepe hupita humo. Lakini sisi tunaosoma barua kwa Mutt, NeoMutt au Alpine, programu za barua zinazoendeshwa ndani ya terminali, yaani dirisha la maandishi matupu, tukifika kwenye kiambatisho tunakuta mstari mmoja tu: jina la faili, aina yake na ukubwa wake. Picha yenyewe tuionee wapi?

Wapo wanaosema nje, na hoja yao ina mashiko. Mwaka 1993 Borenstein huyo huyo aliandika waraka wa RFC 1524 unaoeleza faili ya mailcap, ambayo kazi yake ni kuitajia programu ya barua nani aitwe kwa kila aina ya kiambatisho. Mstari huu, unaoita feh, programu ya kutazama picha, na kuweka jina la faili palipo %s, unatosha:

image/*; feh %s

Katika Mutt unabonyeza v, unachagua picha, unabonyeza Enter. Mutt inaandika faili ya muda, inaiita feh, inangoja. Ukishafunga picha, faili inafutwa. Programu ya barua haihitaji kujua lolote kuhusu JPEG au PNG, nawe unaiona picha kwa rangi zake zote. Kuna mtego mmoja, hata hivyo. Baadhi ya programu za kutazama picha, zikiitwa tu, hujitenga na kuendelea chinichini. Mutt hudhani kazi imekwisha, inafuta faili, na unaletewa dirisha tupu. Nilimaliza jioni nzima nikiamini picha zangu zinaharibika njiani.

Shida kubwa zaidi huanza barua zinaposomwa kwenye seva ya mbali kupitia SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kwa maandishi. Seva haina skrini; dirisha la feh lifunguke wapi? X11, mfumo unaochora madirisha, unaweza kupitishwa ndani ya SSH, ila mtandao ukiwa mzito hujikokota mno. Vinginevyo uhifadhi faili, uinakili hadi kwenye kompyuta yako, ndipo uifungue. Kwa picha moja kwa wiki, sawa. Kwa mtu anayetumiwa kila siku picha za skrini zenye ujumbe wa hitilafu, hiyo ni adha ya kweli, na sikubaliani na wanaoiita uvivu.

Ndiyo maana wengine wanataka picha ichorwe ndani ya terminali. Sixel, iliyobuniwa na kampuni ya DEC miaka ya 1980, huigawa picha katika vipande vyenye kimo cha pikseli sita na kuviandika kwa herufi za kawaida, kwa hiyo hupita kwenye SSH kama maandishi mengine. Terminali za foot na WezTerm zinaielewa. Kitty, terminali nyingine, ina utaratibu wake. Programu iitwayo chafa huigeuza picha iendane na terminali uliyonayo, na isipopata njia bora huichora kwa herufi. Hapo tusidanganyane. Ukitumia alama za nusu kisanduku, kila nafasi ya herufi hubeba pikseli mbili, na dirisha la safu 80 kwa mistari 24 linakupa pikseli 80 kwa 48. Utatambua kuwa huo ni uso wa mtu. Namba iliyoandikwa kwenye stakabadhi hutaisoma.

Halafu kuna usalama. Husemwa kwamba barua ya terminali haina hatari ya picha, na hiyo ni nusu ya ukweli. Picha za kufuatilia wasomaji, zile zinazovutwa kutoka seva ya mtumaji barua ya HTML inapofunguliwa, Mutt haizivuti. Picha iliyoambatishwa, lakini, imeshafika, na hatari yake imo katika programu inayoifumbua. Mwaka 2016 ImageMagick, programu ya kuchakata picha, iligunduliwa kuwa na udhaifu ulioruhusu picha iliyotengenezwa kwa hila kuendesha amri. Mwaka 2023 ikaja zamu ya libwebp, maktaba inayofumbua picha za WebP. Ukichora picha kwa chafa kwenye seva, basi ni seva yenyewe, pengine yenye barua zako zote, inayofumbua faili ya mtu usiyemjua. Ukiinakili kwanza, hatari inahamia kwenye kompyuta yako. Sijaona wanaobishana wakilipima jambo hili ipasavyo.

Kwa upande wangu, sioni kwa nini tuchague moja. Mailcap inaruhusu masharti tangu mwanzo:

image/*; feh %s; test=test -n "$DISPLAY"
image/*; chafa %s; needsterminal

Penye skrini, yaani $DISPLAY ikiwa na thamani, feh. Pasipo na skrini, chafa. Na kwa kuwa Mutt huiachia chafa terminali nzima kisha kujichora upya, picha haigongani na orodha ya barua.

Ninachokikataa ni kuweka picha kwenye auto_view, zijichore zenyewe kila barua inapofunguliwa. Matokeo ya auto_view hupitia kwenye kisomaji cha Mutt, ambacho kimetengenezwa kwa maandishi, hivyo Sixel hutoka imevurugika. Lakini hata ingetoka safi nisingeikubali: picha ya mgeni isifumbuliwe kabla sijabonyeza Enter.