Uchumi na Kijerumani Visomwe Pamoja Tangu Mwaka wa Kwanza

Wanafunzi wengi wa uchumi hapa Mwanza wanaotamani Kijerumani hushauriwa wamalize shahada kwanza, lugha itafuata. Ushauri huo naupinga kabisa. Kufika B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha (A1 hadi C2), Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani duniani, hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Ukisoma vipindi viwili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40 zinakupa 400. Anayeanza mwaka wa kwanza anaweza kuwa karibu na B2 anapoingia mwaka wa tatu.

Ila kozi ya kawaida hukufundisha kuagiza chai na kuuliza njia. Ukifika A2, anza kusoma taarifa za kila mwezi za mfumuko wa bei kutoka Destatis, ofisi ya takwimu ya Ujerumani: aya moja kwa siku, jedwali likiwa pembeni. Namba unazielewa tayari, na ndizo zitakazokufungulia sentensi.

Mitego ipo, na inauma. Bei ikipanda "um 3 Prozent" imeongezeka kwa asilimia 3. Mfumuko wa bei ukipanda "auf 3 Prozent", umefika asilimia 3. Ukichanganya hivyo viwili uchambuzi wote umeharibika. "Billion" ya Mjerumani ni trilioni yetu. Bilioni yetu yeye huiita "Milliarde". Nukta na mkato navyo hubadilishana kazi: 1.250,75 ni elfu moja mia mbili hamsini na senti 75. Ukiibandika namba hiyo kwenye Excel iliyopangwa kwa mtindo wetu, huenda ikachukuliwa kama maandishi na jumla ya safu ikairuka. Futa nukta kwanza, ndipo ugeuze mkato kuwa nukta. Ukipindua mpangilio huo utapata 125075, mara mia ya kiasi halisi.

Sisi wa kando ya ziwa tuna zoezi ambalo wengine hawana. Minofu ya sangara huuzwa Ujerumani kwa jina la Viktoriabarsch. Chukua bei ya kilo mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa, kisha tafuta tangazo la supamaketi ya kule. Angalia vizuri kipimo, maana samaki wa kaunta mara nyingi hutajwa kwa gramu 100. Gawa bei hiyo kwa 1.07 kuondoa kodi ya chakula ya asilimia 7, igeuze kuwa shilingi, na ukumbuke kwamba mwaloni unalipia hata kichwa na mifupa. Tofauti inayobaki ni usindikaji, barafu, ndege na faida za watu wa kati. Iandikie ukurasa mmoja kwa Kijerumani.

Usiache ekonometria, yaani kupima uchumi kwa takwimu, kwa sababu ya lugha. Programu nyingi za uzamili wa uchumi huko huhesabu krediti za hisabati, takwimu na ekonometria, na Kijerumani kizuri hakizibi pengo hilo. Kabla hujaondoka chuoni, omba maelezo ya kila kozi, yenye mada na saa zake, yakiwa na mhuri wa idara.