Chaneli za Kiarabu na serikali zinazozilipa

Watu wengi huku kwetu wakitaka habari za Mashariki ya Kati wanafungua Al Jazeera, hata mimi naiangalia sana, lakini kuna jambo linaniumiza na ntalisema wazi. Ilipoanza Doha Novemba 1996 kwa hela za Emir wa Qatar, ilichukua wanahabari wengi waliobaki bila kazi baada ya TV ya Kiarabu ya BBC kufungwa mwaka huohuo, na kazi walifanya kweli, wapinzani ambao TV za nchi zao haziwataki wakaletwa kubishana laivu watu wote wakiwaona. Ila siasa za Qatar yenyewe ni nadra mno kuzisikia zikichambuliwa hivyo.

2011 ndo niliumia zaidi. Watu wa nchi za Kiarabu waliamka kuzipinga serikali zao, Misri na Libya kamera ziko mitaani usiku na mchana, halafu Machi wanajeshi wa Saudia wanavuka daraja kuingia Bahrain, waandamanaji wanavunjwa nguvu, na Al Jazeera ya Kiarabu inagusa juujuu tu, maana Bahrain na Qatar wako pamoja kwenye baraza la nchi za Ghuba. Sasa yule kijana wa Manama, mji mkuu wa Bahrain, damu yake ina tofauti gani na ya wa Cairo? Al Arabiya nayo, iliyofunguliwa Dubai 2003 na Wasaudi, makosa ya Iran inayachambua vizuri sana, ya Riyadh husikii.

Mchezo huu ni wa zamani. Juni 1967, kwenye vita vya Israel na nchi za Kiarabu, Sauti ya Waarabu, redio ya Nasser, rais wa Misri, iliyokuwa inasikilizwa nchi zote za Kiarabu, ilitangaza ndege za Israel zinadunguliwa kwa makumi, watu wakashangilia, kumbe za Misri zilishateketea zikiwa chini asubuhi ya siku ya kwanza. Waliamini kwa sababu ndo redio waliyoipenda, na hapo ndo ninapoogopa.

Juni 2017 Saudia, Imarati, Bahrain na Misri waliiwekea Qatar vikwazo wakatoa madai 13, mojawapo Al Jazeera ifungwe. Haikufungwa. Lakini Mahmoud Hussein, mwanahabari wake, alikuwa ameshakamatwa Misri tangu Desemba 2016 alipoenda likizo kuona familia, akawekwa ndani zaidi ya miaka minne bila kuhukumiwa. Serikali zikapatana Januari 2021, yeye akaachiwa Februari.