Mwanamuziki hana mzani

Juzi hapa Mtwara nilikuwa baa moja ya Shangani, Jumamosi saa tatu usiku, umeme ukakatika (ndiyo, gesi inatoka hapo Mnazi Bay na umeme bado unakatika, tuyaache). Bia bado za baridi, nyama ipo kwenye mkaa, wahudumu wapo, kilichokosekana ni muziki tu. Haikupita nusu saa meza nne zimelipa zimeondoka. Mwenye baa akatoka mwenyewe kuhangaika na jenereta. Na ni huyuhuyu aliyetoka kunilalamikia, eti kwa nini alipie hakimiliki ya nyimbo anazopiga baa wakati redio kanunua kwa hela yake na king'amuzi analipia kila mwezi.

Malalamiko yake usiyacheke. Ana leseni ya biashara, leseni ya vileo, zimamoto wanamtaka, TRA wanamtaka, na biashara yenyewe inachangamka msimu wa korosho tu, ikifika Aprili kreti zinakaa mpaka zinashika vumbi. Ukimletea ada nyingine bila kumwonyesha inakwenda kwa nani ataihesabu kama makato mengine tu. Hapo nipo naye.

Ila hiyo ya "nimenunua redio" hapana. Redio ni chombo, wimbo una mwenyewe. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ipo tangu 1999 na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ukisikiliza chumbani kwako hakuna wa kukudai, lakini ukiutumia kukalisha watu kwenye viti hiyo ni malighafi kama mkaa, na mkaa sijawahi kumsikia akiuomba bure.

Watu wa kusini hili tungelielewa kuliko watu wa Dar maana kangomba tunaijua. Mkulima ana shida, msimu bado, anakuja mtu anampimia kwa kipimo chake na kumpangia bei yake, basi korosho imekwenda. Ndo maana mwaka 2007 ikaja stakabadhi ghalani, unapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapimiwa, unapewa karatasi, mnada unafanyika watu wanasikia bei. Tunalalamika makato, tunalalamika malipo yanachelewa, sawa, lakini kilo zako unazijua. Sasa kijana anayeimba Newala kilo zake ni zipi? Wimbo umepigwa mara ngapi, wapi, na nani, nani kamwandikia? Huyo bado yupo kwenye kangomba.

Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, waligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni, zaidi ya shilingi milioni 300, wengine wakashangilia wengine wakacheka. Mimi hiyo namba bado inanisumbua. Fanya hesabu ya dukani tu, igawe sawasawa kwa watu 1,000, kila mmoja laki tatu, yaani kwa muziki wa nchi nzima, muziki unaopigwa asubuhi mpaka usiku. Na haigawanywi sawa, inafuata nani kapigwa zaidi, kwa hiyo kama redio ya wilayani haipeleki orodha ya ilichopiga, yule wa Newala hata angepigwa kutwa nzima hayupo. Baa nazo ndo kabisa, nani anaandika kilichopigwa baa? Nenda stendi ya Masasi, kuna vijana na kompyuta zao, unatoa memori kadi unajaziwa nyimbo mpaka inagoma, unalipa, mwimbaji hana habari.

Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, kukusanya na kugawa kukaenda kwa vyama vya wenye haki wenyewe, COSOTA wakabaki kusimamia. Mi naona ni sawa, ila mkusanyaji mpya bila mzani ni yuleyule tu. Ningekuwa na sauti Dodoma ningeanza na orodha kabla ya kupandisha ada yoyote, redio isiyoleta orodha ibanwe kwenye leseni yake, na mgao ubandikwe hadharani kama bei ya mnada ili hata mwenye baa aone hela yake imefika wapi. Baa ndogo ya kijijini ilipe kidogo, tena msimu kwa msimu. Hoteli kubwa isitafute huruma hiyo.

Jenereta liliwaka baada ya dakika arobaini hivi. Wimbo wa kwanza ulikuwa mtamu, wa kimakonde, wala sijawahi kuusikia. Nikamuuliza mhudumu ni wa nani. "Sijui kaka, upo tu kwenye flashi."