Nataka Kipimajoto cha Rubani

Ile video ya helikopta zinazoruka chini chini usiku juu ya mizabibu ya Ufaransa imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wa Njombe, watu wanaoijua sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha mimea, wanacheka eti wazungu wana hela za kuchezea. Imenikera sana.

Hawachezi. Usiku wa sakitu hauna mawingu wala upepo. Ardhi inapoteza joto lake, hewa iliyo karibu nayo inapoa na kulala chini, na hewa yenye uvuguvugu inabaki juu kidogo. Rubani anaitafuta kwa kipimajoto, kisha anaisukuma iteremke kwenye machipukizi. Aprili 2021 Wafaransa walirusha helikopta na kuwasha maelfu ya mishumaa mashambani, na bado hasara ilikuwa kubwa mno. Na gharama yake, haya, nakubali, hakuna mkulima wa viazi Makete anayeiweza.

Mimi siombi helikopta. Naomba kile kipimajoto.

Sisi kiangazi tunalima vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni, kwa sababu unyevu uko huko. Hewa baridi nayo usiku inateremkia huko huko. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinakaa kwenye kibanda chake, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Usiku uliotulia kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati jani la kiazi bondeni limeshapita sifuri. Kwa hiyo redio ikitangaza baridi kali Nyanda za Juu Kusini, haijanisaidia. Mwezi wa saba baridi kali ipo kila siku! Ninachotaka kujua ni kinyungu kipi kitaungua usiku wa leo.

Mama yangu mkubwa aliunguliwa na viazi vyote. Alfajiri majani yalikuwa yamesimama, meupe, ukiyashika yanavunjika. Jua lilipoyafikia yakalegea, na kufika saa nne yalikuwa meusi kama mboga iliyochemshwa. Akaniuliza, "Mwanangu, ninyi mnaoangalia hali ya hewa kwenye simu, hamkuliona hili?" Nilikosa la kumjibu.

Angejua mapema angemwagilia mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto zaidi, na jioni angefunika kwa nyasi walau ile miche michanga. Asingeokoa vyote. Angeokoa mbegu ya msimu unaofuata, na kwa mjane anayesomesha watoto hilo si jambo dogo.

Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao yetu. Zitenge sehemu ya fedha hizo zinunue vipimajoto vya kuwekwa usawa wa nyasi, bonde kwa bonde, afisa ugani avisome, na jioni ya hatari ujumbe uingie kwenye simu ya kila mkulima, hata ile ya kitochi. Vifike kabla ya Juni.